Chai Niliyowapikia Watu wa Kamati

Mwende, mjukuu wangu,

Krismasi mbili zimepita hujakanyaga hapa. Kwani Rongai ni ng'ambo? Usijitetee, bado niko na hasira. Mama Naserian, jirani yangu, ndiye anaandika nikisema, na nimemkataza kupunguza makali.

Unakumbuka ule mwaka wa kiangazi, ukiwa darasa la pili, nikikulea hapa Kitengela? Wageni wa kanisa waliingia, nikaweka maji motoni nikiomba Mungu. Ukapiga kelele mbele yao: "Susu, si sukari iliisha juzi!" Nilikufinya paja ukaruka. Walipoondoka nikakuambia, "Njaa yetu ni yetu, wageni haiwahusu." Ulilia ukalala kwa mapaja yangu.

Sasa sikia. Serikali imeanza kusaidia wazee wanaoishi peke yao. Chifu aliniandikisha, akasema kamati itakuja kuona vile naishi. Mimi nikafanya nini? Nikapaka kuta udongo mpya, nikavaa nguo ya kanisa, nikaazima maziwa na vikombe kwa Mama Naserian, nikachinja kuku. Yule wa mayai! Walikula, wakashukuru, wakaandika: huyu anajiweza. Jina likakatwa.

Mama Naserian, ambaye huniita nyanya kwa Kimaasai, aliniambia, "Koko, ulitaka wakuone ama wakuoe?"

Mjomba wako naye anasema nifunge nyumba nihamie kwake Isinya. Nikae kwa kiti nikingoja bibi yake anipakulie? Hapana. Hapa niko na sukuma wiki yangu, na mlango ninaoufunga na kuufungua mwenyewe. Sitoki. Lakini bila hiyo pesa ya wazee, nitatolewa na njaa.

Nilikaa nje ya ofisi ya chifu siku tatu mpaka akakubali. Kamati inarudi Alhamisi ya mwisho wa mwezi huu. Shida ni mimi. Nimejaribu kumwambia Mama Naserian "sina", kujizoeza tu, ikanikwama kooni. Nikiona mgeni mlangoni, huu mdomo utasema tuko sawa, karibuni chai.

Wewe haikukukwama. Ulisema ukweli nikakufinya. Pole, mama.

Kwa hivyo uje Jumatano, ulale hapa. Usibebe sukari wala maziwa. Kamati wakishakaa, kabla sijafika jikoni, sema vile ulisema ile siku, na sauti iwe ileile. Nikikufinya, usinyamaze.

Ni mimi, Susu yako.