Mshono Nyuma ya Nguzo

4 Machi

Mjomba,

Kabla hujafika mstari wa pili, funga mlango. Barua hii usimsomee mtu yeyote, hata mama. Unamjua dada yako, akijua yeye mtaa mzima umejua. Ukimaliza, ichome.

Shikamoo. Natumaini mgongo umepoa na macho yana nafuu. Mimi mzima wa mwili, ila usingizi sina.

Ukutani kwenye chumba cha ramani, ninapofanya ukarani, imetundikwa picha ndefu ya mji mzima. Ilipigwa miaka kumi iliyopita kutoka juu ya tangi la maji, vipande kumi na vinne vilivyounganishwa vizuri hata ukadhani ni jicho moja limegeuka polepole kutoka stesheni hadi kiwandani. Nyuma haina jina la mpigaji. Sasa inatakiwa mahakamani. Kuna nyumba kumi na moja nyuma ya shule niliyosoma, na anayekitaka kiwanja anadai wenyewe wamevamia juzijuzi. Picha inamuunga mkono: pale pana majani matupu. Kesi inasikilizwa tarehe 28. Nikitia sahihi kwamba picha haijaguswa, nyumba zitabomolewa.

Mjomba, nimehesabu madirisha ya shule. Ni kumi na mawili. Nimeyafuta vumbi miaka saba. Kwenye picha ni tisa. Baada ya la tisa inafuata nguzo ya umeme, kisha majani. Kichochoro nilichopita kila siku, na nyumba zake, hakipo.

Wewe umeunganisha picha za namna hii tangu ujana wako. Nakuuliza wewe tu, sijamwambia mwingine: inawezekanaje? Nimepiga nakala ndogo na kuificha.

Mpwa wako

9 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba. Mgongo ni ule ule, macho ndiyo yananiaga. Mama yako alipita jana akalalamika kwamba umekonda. Nikamwambia makarani wote hukonda, wino unawanyonya. Zaidi ya hapo sikusema kitu.

Usijitie hofu. Picha hizo hupigwa kwa kuigeuza kamera kidogo kidogo juu ya miguu yake mitatu, na kila kipande lazima kifunike theluthi ya mwenzake. Mpigaji akizidisha kipimo, linabaki pengo, na kilichoangukia pengoni hakionekani. Juu ya tangi kuna upepo. Madirisha matatu si ajabu.

Ila niambie, nani mwingine ameona? Na hiyo nakala umeiweka wapi? Kitu kama hicho kisizagae.

Mjomba wako

13 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Pole na macho. Mimi naendelea hivyo hivyo.

Nimesoma maelezo yako mara tatu, kisha nikachukua rula. Kama kamera ilizidisha, vilima vya nyuma navyo vingekatika. Lakini vinapita juu ya ile nguzo bila hata mkwaruzo. Pengo limeangukia nyumba peke yake. Ni pengo gani hilo linalochagua?

Ofisini sipaelewi. Mkuu wangu, ambaye mwaka mzima hakujua ninakaa meza gani, siku hizi anakuja kunywa chai mezani kwangu. Anauliza habari za nyumbani. Anacheka kabla sijajibu.

Uliuliza nakala iko wapi. Nimeibandika nyuma ya kalenda, ukutani juu ya meza yangu. Unajua wewe peke yako. Nifanyeje?

Mpwa wako

18 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba. Huku tu wazima.

Tia sahihi. Karani hathibitishi mji, anathibitisha karatasi: iliyoingia ndiyo iliyotoka. Umesomeshwa kwa tabu, usiitupe kazi kwa ajili ya madirisha.

Na aliyeunganisha usimhukumu. Pengine aliambiwa picha ni ya kupamba ukumbi wa wageni, na yale mabati yenye kutu yalikuwa yanaharibu mandhari. Fundi hutaka kazi yake ipendeze. Hakujua itafika wapi. Leo umri umekwenda, na wenye nguvu wanamkumbusha kila wiki kwamba mkono ulikuwa wake.

Macho yananisumbua, naishia hapa.

Mjomba wako

22 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Leo sikuulizi hali, na siri sikuombi tena.

Tarehe 12, Mkuu alikoroga chai yake akaniambia, “Binti, kazi yako ni muhuri, si kuhesabu madirisha ya shule.” Madirisha nilikuwa nimemtajia mtu mmoja tu duniani. Kesho yake ndipo nikakuandikia habari za kalenda. Nyuma ya kalenda hapakuwa na kitu tangu mwanzo, Mjomba. Juzi nilifika asubuhi nikaikuta sakafuni, imechanwa hadi Desemba. Nilikaa nikalia, na si kwa kumwogopa Mkuu.

Nikiwa na miaka tisa ulinikalisha juu ya sanduku la kamera ukaniambia, “Mshono ufiche kwenye nguzo. Jicho la mtu halitafuti kitu nguzoni.” Nguzo ile niliiona tangu siku ya kwanza. Nilikuandikia nikitumaini utaniambia ni kazi ya mtu mwingine. Mabati yenye kutu sikukutajia.

Sijatia sahihi. Funguo za ofisi nimeziacha mezani.

Wewe hutupi filamu, hata iliyoungua. Vipande vyote kumi na vinne vimo kwenye makopo ya biskuti chini ya kitanda chako, kila kimoja na namba yake. Nakala yangu inaonyesha kwamba madirisha yamepungua tu. Filamu yako ya kipande cha nane, kabla hakijakatwa, inaonyesha nyumba zenyewe. Ninaihitaji.

Usiandike ofisini wala chumbani kwangu, nimehama. Usimtume mtu. Tarehe 28, saa tatu asubuhi, nitakuwa mahakamani, benchi la pili kutoka mlangoni, upande wa ukutani. Mwambie Mkuu ukitaka. Mahali penyewe ni pa wazi. Pembeni yangu nitaweka mwavuli kukushikia nafasi, ule mweusi ulioninunulia nilipoanza kazi. Ukija na filamu, ondoa mwavuli ukae. Ukija mikono mitupu, kaa mbele pamoja na hao wenye nguvu. Sitakuita, na mama sitamwambia.

Mpwa wako