Njahi za Kibuyu Chako

Mama,

Jana nilimaliza kuvuna lile shamba letu la kukodi, kule bondeni chini ya Makongeni. Nimeona nikuandikie mwenyewe kabla hujaambiwa na mtu, ingawa sijui ni nani angekuambia. Njahi zote, yale maharagwe yetu meusi, zimeingia katika kopo moja la majani ya chai, na hazikulijaza. Mwaka jana tulibeba gunia, mimi mbele wewe nyuma, nawe njia nzima ukinikemea: "Inua upande wako, Wairimu."

Si mvua. Mvua ilikuja vizuri. Ni mbegu.

Siku ile nilikuambia nina mimba. Uliinuka ukashusha kibuyu cha mbegu kilichoning'inia juu ya moto, ukakitikisa karibu na sikio, ukakirudisha. "Hizi tutapanda," ukasema. "Ukijifungua utakula njahi za shamba la mama yako, si za soko." Basi nikajua umefurahi.

Siku ya mazishi yako, mdogo wako, Tata Nyambura, alipata kibali cha serikali cha kusafiri akaja kutoka Ruiru. Aliingia jikoni moja kwa moja. Watu walikuwa wengi kuliko chakula, na mimi walikuwa wamenilaza chumbani. Tata akafungua kibuyu, akakuta njahi zimefunikwa na majivu. Nasikia alisema, "Huyu dada yangu, hata njahi alizificha." Akaziosha, akazipika. Unajua yeye amepika majikoni mwa Wazungu tangu usichana wake. Mbegu hajawahi kuhifadhi. Hakujua majivu yalikuwa ya kuzuia wadudu.

Nami nililetewa sahani. Nilikula, Mama. Zilikuwa tamu. Sikujua ni zipi mpaka nilipoona lile gunzi ulilozibia kibuyu likiwa chini, karibu na mafiga.

Sikumwambia Tata siku hiyo. Alikuwa akilia huku anakwangua sufuria.

Kwa hiyo nilipanda za soko. Mama Mutua wa kipande cha jirani alizitazama kiganjani mwangu, akatikisa kichwa. "Msichana wangu, hizi ni za sufuria, si za udongo." Nyingi zilikuwa zimetobolewa na wadudu, hazikuota. Zilizoota zilijaa majani, maganda ya kuhesabika. Karani wa ofisi ya mji alipita akauliza kama bado nalitaka shamba. Nikasema nalitaka.

Tata alikuja tena juzi, nikamweleza. Aliinua macho akakitazama kibuyu kitupu. Kisha akasema, "Kumbe nilipika shamba zima." Tukaanza kucheka, sisi wawili, mpaka mtoto akanipiga teke nikakaa chini. Ameahidi kwamba nikijifungua ataleta njahi kutoka Ruiru na kunipikia mwenyewe. "Kupika angalau najua," anasema.

Njoroge alidhani hizi za kopo ni za kula. Nilimkatalia mume wangu, jambo ambalo ungelipenda. Nimechambua zile nzima, nimezichanganya na majivu, nikazitia katika kibuyu chako na kuziba kwa gunzi lile lile. Sasa kinaning'inia juu ya moto. Nikikitikisa kinalia kidogo tu, lakini kinalia.

Akizaliwa msichana ataitwa Wambui, jina la mama yake Njoroge, unajua desturi ilivyo. Zamu ya jina lako, Wangari, ni ya msichana wa pili. Utangoja kidogo, na mimi nitangoja nawe. Kila mvua nitapanda, nitachagua zilizo nzuri, nitarudisha kibuyuni. Siku Wangari wako atakapozaliwa, mama yake atakula njahi za shamba, si za soko.

Pumzika, Mama. Upande wangu nitauinua.

Binti yako,
Wairimu