Ombi la Dada wa Mshonaji

UMOJA WA WALIOPONA

Kumbukumbu za kikao cha kumi na nne, kilichofanyika Jumamosi, tarehe 9 Agosti, katika jengo la zamani la kufulia nguo, nyuma ya hospitali.

(Kwa azimio la kikao cha tatu, wanachama huandikwa kwa kazi zao. Kumbukumbu za kikao cha pili ziliokotwa zikasomwa kwa sauti dukani, majina na yote.)

WALIOHUDHURIA
Dereva wa gari la wagonjwa – Mwenyekiti
Karani wa masjala, mstaafu – Katibu
Mshonaji – Mjumbe
Mwalimu wa hesabu – Mjumbe
Mama Mkaa, muuza mkaa – Mjumbe

MGENI MWALIKWA
Daktari mtafiti wa virusi

ALIYEOMBA KUONANA NA KIKAO
Dada mkubwa wa Mshonaji (alisubiri nje)

WASIOHUDHURIA
Seremala, kwa taarifa. Amehamia mji ambako hajulikani, na ameomba tusimwandikie tena barua zenye jina la Umoja juu ya bahasha.
Muuguzi, bila taarifa. Hiki ni kikao cha tatu mfululizo asichofika.

KUMB. NA. 1/14: KUFUNGUA KIKAO

Mwenyekiti alifungua kikao saa nane na robo mchana. Wajumbe walipeana mikono, kila mmoja na kila mmoja, kama ilivyo desturi ya Umoja. Daktari aliuliza sababu ya kusalimiana kwa muda mrefu vile. Mama Mkaa alimjibu kwamba wateja wake siku hizi husimama ng'ambo ya barabara na kumwonyesha kwa kidole gunia wanalolitaka, kwa hiyo mikono ya hapa inabidi imtoshe mwezi mzima. Daktari, ambaye alikuwa amesalimia kwa kichwa tu, aliinuka akazunguka upya na kumpa kila mjumbe mkono.

KUMB. NA. 2/14: YATOKANAYO NA KIKAO KILICHOPITA

2.1 Mwenyekiti alikumbusha kwamba katika kikao cha kumi na tatu wajumbe walikubali kutoa damu kwa ajili ya jaribio la tiba. Daktari alishukuru. Alieleza kwamba aliyeugua akapona hubaki na kingamwili katika maji ya damu yake, yaani askari waliokwisha kupigana na kirusi hiki na wanaoijua sura yake. Maji hayo ya damu hutengwa, kisha hutiwa wagonjwa wapya mshipani. Nusu ya wagonjwa hupewa pamoja na matibabu ya kawaida, na nusu hupata matibabu ya kawaida peke yake, ili ijulikane kama yanasaidia kweli. Kompyuta ndiyo hupiga kura ya nani apewe.

2.2 Mwalimu aliuliza ni lini watoaji wataambiwa damu yao ilikwenda kwa nani. Daktari alijibu kwamba hawataambiwa. Yeye mwenyewe hajui, na hatajua mpaka mgonjwa wa mwisho amalize kufuatiliwa.

2.3 Mwalimu alisema hakuulizia nafsi yake. Alikumbusha kwamba siku Mshonaji alipotoa damu, dada yake alikuwa wodi ya kutengwa, siku ya sita, hali mbaya, na kila aliyekuwa kwenye foleni alilijua hilo. Mshonaji alimkatiza akasema: "Mwalimu, mimi nilimtolea mgonjwa. Sikumtolea dada." Aliomba suala hilo lisitajwe mbele ya mwombaji aliyeko nje. Kikao kiliafiki.

KUMB. NA. 3/14: MATOKEO YA UTAFITI WA KUENEA KWA KIRUSI

3.1 Daktari alibandika ukutani, juu ya karo za kufulia, mchoro wa wimbi la kwanza. Kila mgonjwa ni duara lenye namba, na mishale inaonyesha nani alimwambukiza nani. Mwenyekiti aliuliza wamejuaje, wakati wengi wa kuulizwa walishafariki. Daktari alieleza kwamba kirusi kinapojinakili hukosea herufi moja moja, kama karani aliyechoka, na makosa hayo hurithiwa na kila anayefuata. Ukiyafuata makosa, unaifuata njia. Katibu hakuchangia kuhusu makarani.

3.2 Daktari alisisitiza kwamba mchoro hauna majina. Mama Mkaa alisema mchoro una tarehe za homa na hakuna mtu humu ndani aliyesahau yake. Mwalimu alilalamika kwamba wamehesabiwa kama mifugo. Daktari alijibu kwamba bila kuhesabu, wimbi la pili lingekuwa kubwa kama la kwanza. Mwalimu alisema hilo analijua, anafundisha hesabu, na bado linauma. Mwenyekiti aliwataka wote wawili wakae.

3.3 Wajumbe walisogelea ukuta. Namba 19 ina mshale mmoja unaokwenda namba 20. Namba 20 haina mshale unaotoka. Katibu alizitambua tarehe za 19 kuwa zake na za 20 kuwa za marehemu mkewe, akaomba dakika mbili, akapewa. Aliporejea, Mwenyekiti alimuuliza kama mtu mwingine aandike kwa leo. Katibu alisema anaandika mwenyewe. Mama Mkaa alimwambia, "Kaka, ulikuwa hujui kama unaumwa." Katibu alimshukuru.

3.4 Mshonaji aliuliza kuhusu namba 31 na 33. Daktari alisita, kisha akasoma. Namba 31, mwanamke mzee, aliambukizwa na namba 27, ambaye walikaa naye benchi moja siku ya kupima presha. Namba 33 aliambukizwa na namba 31.

Mshonaji: "Soma tena."
Daktari: "Thelathini na tatu ameupata kutoka kwa thelathini na moja."
Mshonaji: "Si yeye aliyempa?"
Daktari: "Hapana. Haiwezekani. Homa ya thelathini na moja ilianza siku nane kabla."

Kwa faida ya kumbukumbu: mama mzazi wa Mshonaji alifariki katika wimbi la kwanza. Mshonaji aliporuhusiwa kutoka wodini alikuta godoro, cherehani na nguo zake nje ya nyumba ya mama yao. Dada yake alitangaza mbele ya majirani kwamba yeye ndiye aliyeuleta ugonjwa na kumuua mama. Huu ni mwezi wa kumi na sita. Tangu hapo Mshonaji amepanga chumba kimoja, anashona sare za shule anazoletewa na wakala, na wenye kuzivaa hawajui zimetoka mkono gani.

3.5 Mshonaji alirudi kwenye kiti chake. Kisha aliomba nakala ya mchoro, akaambiwa nakala haitolewi. Alisema basi, ameuona.

KUMB. NA. 4/14: OMBI LA UANACHAMA

4.1 Katibu alisoma barua ya mwombaji, yaani dada mkubwa wa Mshonaji, kama ilivyoandikwa:

"Niliugua katika wimbi hili la pili. Cheti cha kupona nimekiambatanisha. Leo ni siku ya kumi na moja tangu niruhusiwe. Mume wangu amewapeleka watoto kwa mama yake, anasema ni kwa muda. Nyumbani kuna vyumba vinne na mimi. Naomba kujiunga. Najua aliyemo humo ndani. Kikao kikikataa sitauliza sababu."

4.2 Mwenyekiti alifungua mjadala. Mama Mkaa alipinga. Alisema yeye ndiye aliyesaidia kuliokota lile godoro mchana kweupe, majirani wakichungulia madirishani, na cherehani ilikuwa imelowa mvua. Mkuki kwa nguruwe ulikuwa mtamu. Leo umemgeukia mwenyewe ndiyo anakumbuka kuna Umoja.

4.3 Mwalimu alisema katiba haina kifungu cha tabia. Inasema "yeyote aliyeugua akapona". Aliongeza kwamba yaliyopita si ndwele. Mama Mkaa alimuuliza hayo yaliyopita yalipita juu ya mgongo wa nani. Mwalimu aliifuta kauli hiyo.

4.4 Mwenyekiti alimuuliza Mshonaji maoni yake. Mshonaji alisema aitwe kwanza. Anataka asikie ya ukutani.

4.5 Mwombaji aliitwa. Aliingia akasimama karibu na mlango, mkoba ameukumbatia. Alionyeshwa kiti, hakukaa. Mwenyekiti aliagiza maneno yaliyofuata yaandikwe kama yalivyosemwa, ili baadaye asitokee wa kuyapamba.

Mshonaji: "Dada, njoo uone hapa. Huyu ni mama. Huyu ni mimi. Uone mshale unatoka wapi unakwenda wapi. Daktari yupo, muulize."
Mwombaji: "Sihitaji kumuuliza."
Mshonaji: "Huamini hata hiki?"
Mwombaji: "Naamini. Nilikuwa najua."
Mshonaji: "Unajua tangu lini?"
Mwombaji: "Tangu mama yu hai. Yeye alianza homa Jumapili. Wewe ulianza Jumatatu ya wiki iliyofuata, ukiwa umemwogesha siku zote hizo. Nilihesabu."

Mwenyekiti aliuliza kama mwombaji anahitaji maji. Alikataa.

Mshonaji: "Kama ulijua, kwa nini ulinitoa nje?"
Mwombaji: "Wewe ulimwogesha. Ulimlisha. Mimi nilisimama mlangoni, mdogo wangu. Siku tisa. Aliniita kwa jina, mimi nikajifanya natafuta dawa jikoni. Halafu wewe ukapona, ukawa unarudi. Ningekutazama vipi kila asubuhi?"
Mshonaji: "Ndiyo ukaniita muuaji."
Mwombaji: "Nilitaka usiwepo. Watu wakauliza kwa nini, hilo ndilo lililokuja mdomoni. Nikalisema mara moja wakalibeba, na mimi nikaliacha libebwe."

4.6 Ilisikika mashine ya kufulia ya jengo jipya. Daktari aliomba ruhusa ya kutoka nje, Mama Mkaa akamwambia akae, kwani ndiye aliyeleta mchoro.

4.7 Mshonaji aliuliza mama aliita vipi. Mwombaji alijibu kwamba aliwaita wote wawili, kwa majina yao ya utotoni, kwanza mkubwa, kisha mdogo, kisha mkubwa tena. Mshonaji alisema hilo hakulijua, alikuwa tayari amebebwa kupelekwa wodini. Mwombaji alisema hakukuwa na mtu mwingine aliyesikia, wa kuja kumwambia. Alikaa kwenye kiti kilichokuwa karibu yake.

4.8 Mwenyekiti alirudia swali lake kwa Mshonaji. Mshonaji alisema: "Aingie. Upweke huu nimeuishi, siwezi kumpa mtu kwa kura yangu. Ila isije ikaandikwa kwamba nimesamehe."

4.9 Katibu aliagizwa aandike hivyo. Haikusemwa kwamba Mshonaji amesamehe.

4.10 Kura zilipigwa kwa kunyoosha mikono. Waliokubali: Mwenyekiti, Katibu, Mwalimu, Mshonaji. Waliokataa: hakuna. Mama Mkaa hakupiga kura, akasema mkono wake bado unaukumbuka uzito wa lile godoro na usilazimishwe.

AZIMIO: Dada mkubwa wa Mshonaji alipokelewa kuwa mwanachama wa kumi na mbili. Mama Mkaa alikuwa wa kwanza kumpa mkono, akaeleza kwamba mkono ni haki ya mwanachama na hauhusiani na mengine. Mwanachama mpya aliushika kwa mikono yake miwili na hakuuachia upesi. Mshonaji hakuinuka.

KUMB. NA. 5/14: MENGINEYO

5.1 Daktari alitangaza kwamba kirusi kinaweza kujificha ndani ya jicho miezi mingi baada ya damu kuwa safi. Anayeona ukungu asingoje. Mshonaji alisema siku hizi hutunga uzi kwa kupapasa na amepangiwa kliniki Jumanne. Mwanachama mpya alisema jicho lake la kushoto lina ukungu tangu wiki iliyopita, na hakujua amwambie nani. Daktari alimwandikia naye Jumanne, saa tatu asubuhi.

5.2 Mwalimu aliuliza kama dawa ya kirusi hiki itapatikana wakiwa hai. Daktari alisema hajui. Alisema anachoweza kuahidi ni kuja kila mwezi kuwaambia walipofika, hata kama hawajafika popote. Kikao kilipokea ahadi hiyo. Mwenyekiti alisema hakumbuki ni lini Umoja uliahidiwa mgeni wa kila mwezi.

5.3 Katibu aliomba mchoro usibanduliwe mpaka wajumbe watoke. Hakutoa sababu, na hakuulizwa.

KUMB. NA. 6/14: KUFUNGA KIKAO

Kikao kilifungwa saa kumi na dakika arobaini alasiri. Kikao kijacho: Jumamosi, tarehe 13 Septemba, hapa hapa, kwa kuwa hakuna ukumbi mwingine uliojibu barua zetu.

Mama Mkaa na Mwalimu waliondoka kwanza, kisha Daktari, akiuacha mchoro ukutani. Mshonaji na dada yake hawakuondoka. Walikuwa wamekaa, viti viwili vitupu katikati yao, wote wakitazama ukutani. Mwenyekiti alisimama mlangoni akauliza kama anaweza kufunga.

Mshonaji alisema, "Bado."

Mwenyekiti aliacha ufunguo kwenye kitasa. Yeye na Katibu walitembea pamoja hadi lango la hospitali, wakaagana.

Zimesomwa na kuthibitishwa kuwa ndivyo ilivyokuwa.

(sahihi) MWENYEKITI
(sahihi) KATIBU