Mama Mellen, Aliyewatafuta Waliobaki Ng'ambo

Mwaka mmoja umetimia leo, Mama, tangu ulipotuaga hapa Kaplong. Bado tunabanana kwenye kona ya meza wakati wa kula, kana kwamba makaratasi yako yangali yametandazwa pale.

Ulizaliwa kwenye kambi ya wachuma chai, mtoto wa wazazi waliotoka Kisii kutafuta kazi. Ukasoma hadi ukawa mwanahistoria, ukafundisha chuoni miaka ishirini na sita habari za Waafrika waliofika India na Sri Lanka zamani, na vizazi vyao vilivyobaki huko. Mgeni hakunywa chai kwako kabla ya kuulizwa, “Nyanya yako aliitwa nani?” Asiyejua ulimtuma nyumbani akaulize. Wanafunzi wako uliwapikia, ukawakosoa, ukawapikia tena.

Kazi moja ilikuumiza. Katika orodha ya askari wa Vita vya Pili vya Dunia uliona jina la Kipkurui, kaka mkubwa wa jirani yetu Mzee Kimutai. Kwao waliamini alifia vitani Burma. Wewe ukagundua kwamba hakufa. Alibaki Sri Lanka, kikosi chake kilikopiga kambi, akaoa, akachuma chai, akazeekea huko. Ulikaa na habari hiyo wiki tatu, kisha ukaenda ukamwambia mzee.

“Afadhali ungeniacha na marehemu wangu, Mwalimu,” alisema. “Mama yetu alikufa akimlilia. Kumbe alikuwa anakula kwa watu wengine?”

Miaka miwili hakuitikia salamu zako. Baba alikuuliza kama unajuta.

“Kumwumiza, ndiyo. Kumwambia, hapana.”

Ukaendelea kumsalimia kila Jumapili, na kuandika barua ukiwatafuta watoto wa Kipkurui.

Jibu lilikuja Juni, miezi mitatu baada ya kukuzika. Na Desemba Nilanthi, mjukuu wa Kipkurui, akashuka garini langoni kwa Mzee Kimutai, na picha ya babu yake mkononi. Janefer, kitinda mimba wako, aliwatafsiria.

“Alituongelea?” mzee aliuliza.

“Kila mvua ikinyesha,” alijibu Nilanthi. “Alisema aliona haya kurudi mikono mitupu.”

Mzee alicheka huku machozi yakimtoka. “Mjinga huyu! Si tungempa ng'ombe sisi wenyewe?”

Kesho yake alikuja kaburini kwako, akavua kofia, akaongea nawe. Hatukumsogelea. Alichokuambia ni chako.

Kitabu chako wanafunzi wamekimaliza, Mama, na kinatoka mwezi ujao. Kila jina uliloandika limo.

Unakumbukwa na mumeo Zack Makori, watoto wako Arasa, Clifford na Janefer, dada yako Nyabate, wakwe na wajukuu. Mzee Kimutai tulimweka pamoja na majirani, akakataa. Anasema aandikwe kaka yako. Tumemwandika.

Sote tutakukumbuka siku zote.