Upepo Umetulia, Dada, Nawe Uje

Kourou, Guyana ya Ufaransa
14 Novemba 1996

Mpendwa dada Eugénie,

Vipi baridi ya Lyon, na kifua chako? Shemeji na watoto hawajambo? Sisi tupo, tunamshukuru Mungu. Mama miguu haimpeleki tena mbali, lakini ulimi wake mzima kabisa, na ukimpikia samaki kwa unga wa muhogo anamaliza sahani.

Kazi yangu ni ile ile ya maputo. Safari hii roketi ilibeba satelaiti ya televisheni, na wenye kampuni walikuja na suti zao wakawa wanatokwa jasho tu. Kila asubuhi narusha puto kupima upepo wa juu, na ukiwa mkali roketi haiondoki. Juma zima ulikuwa mkali. Mafundi wakawa wananitania kantini: "Bibi Upepo, mumeo kanuna tena leo?" Nami nacheka, kumbe moyoni naomba azidi kununa.

Sababu ni Bwana Castaing, mkubwa wetu wa hali ya hewa aliyetoka Ufaransa. Ameniombea nafasi chuoni Toulouse, huko huko Ufaransa, mwaka mmoja, nikasomee utabiri wenyewe. Mwakani nitakuwa nimepita umri. Alitaka jibu kabla roketi haijaruka, maana baada ya hapo anapanda ndege. Upepo ukivuma, basi na mimi sina haja ya kujibu.

Nimebanwa, dada, sikufichi. Nampenda mama, ila kuna siku nasimama uani na beseni la nguo nashindwa kupumua. Siwezi kumwacha peke yake, na kwa jirani hataki kabisa.

Jumanne puto likaleta habari nyingine. Niliangalia tarakimu mara mbili nikitafuta kosa, sikuliona. Nikatangaza kwa kinywa changu mwenyewe kwamba njia nyeupe, watu wakapiga makofi.

Mchana nikakimbia nyumbani kumwambia mama. Nikamwambia ni mwaka mmoja tu, na wewe utakuja kukaa naye. Alikuwa anakunja mashuka, hakuacha.

"Mwaka mmoja," akasema. "Ndivyo alivyosema Eugénie, na leo wanawe hawaijui hata sauti yangu. Nenda, mwanangu. Ila usinitajie mwaka."

Jioni roketi iliporuka mji mzima ulitoka nje, madirisha yakatetemeka, satelaiti ikafika salama ilikokuwa ikienda. Mama hakutoka. Nami nilikuwa nimeshamwambia Bwana Castaing, kabla haijaruka, kwamba ninakwenda, na dada yangu anakuja. Nilisema bila kukuuliza, na nikikuomba radhi nitakuwa naongopa. Wewe umepumua miaka yote hii. Masomo yanaanza Januari.

Nisalimie shemeji Didier, Maëlle na Loïc. Mama nilimwuliza kama ana salamu zako. Amesema hazitumi, atakupa mwenyewe.

Mungu akufungulie njia, akulinde safarini.

Mdogo wako akupendaye, hata akiwa na hasira,
Rolande