Vitabu Vitatu na Mama wa Maziwa

Dada Mwanaidi, shikamoo.

Vile vitabu vya hadithi ulivyonifungia nimevimaliza hapa Dodoma, maana nikitoka kwenye ukarani wa boma sina la kufanya ila kula vumbi. Cha majini kimenichosha: kila shujaa akikwama, jini huja kumwokoa. Cha mapenzi kina machozi mengi kuliko mvua ya Ugogo. Cha msafiri, chembamba kuliko vyote, ndicho nilichokipenda, hata leo asubuhi nikamsomea mama wa Kigogo anayeniletea maziwa. Aliweka kibuyu chini, akasikiliza mpaka mwisho.

"Ametembea miaka saba," akasema. "Kote alikofikia, hakuna aliyemuuliza kama mama yake hajambo?"

"Hakuna."

"Basi hakupokelewa."

Huku mgeni huulizwa kwanza habari za wazazi, watoto na ng'ombe, ndipo apewe maji. Mimi nilidhani wananichelewesha tu, nikawa nawajibu mbio mbio.

"Na mama yako?" akaniuliza.

Nikajibu hajambo, kama ninavyojibu kila siku. Lakini dada, tangu masika sijauliza, na hata kadi hii ya posta nimeianza na vitabu. Niambie kweli: mama hajambo?

Mdogo wako akukumbukaye,
Athumani