Daktari wa Haradali

Ngokolo, Jumanne, 12 Agosti 1997

Kwa nini sikusema tu kwamba mimi si daktari wa watu?

Mama ametangazia mtaa mzima: mwanangu anasomea udaktari Ulaya, ana mashine ya sumaku inayoona ndani bila kupasua. Hakudanganya. Ila udaktari wangu ni wa fizikia. Mashine ni ya hospitali, tunaiazima wagonjwa wakishaondoka, na tunachoingiza humo ni pipa dogo la punje za haradali. Tunalizungusha tuone punje za ndani zinavyotiririka.

Leo Mama Kulwa, jirani yetu, kamleta mumewe. Mchanga ulimfukia kwenye shimo la dhahabu huko Geita, na tangu hapo mguu mmoja una ganzi.

"Shikamoo, daktari."

Mzee wa umri wa baba yangu! Na mimi, Mama akinitazama kwa fahari, nikaitikia marahaba.

Baada ya hapo ningerudi vipi nyuma? Nikampapasa mgongo. Nikasema atapata nafuu polepole. Sasa hospitali ya mkoa hataenda, maana si ameshaonwa na daktari?

Alipokuwa anainuka akaniuliza, "Ule mchanga ulikuwa umetulia kabisa, mara ukaja kama maji. Kwa nini?"

Miaka mitatu nasomea jambo hilo hilo, kwa haradali badala ya mchanga. Ndilo swali pekee ambalo ningeweza kumjibu.

Nikamwambia, "Mzee, hayo si mambo ya kidaktari."